Mabati Yaliyogeuka Kompyuta

Pesa za mabati zilikuwa zimetimia. Mama mkwe alizificha kwenye ndoo ya unga, na sote tulijua kwamba kabla ya mvua za Novemba chumba chake kingeezekwa upya. Ndipo taa ya injini ilipowaka kwenye Toyota yetu kuukuu, inayotuletea nyanya kutoka Lilongwe hadi Dzaleka, kambi ya wakimbizi tunamoishi, kilomita 45 hivi. Kambi ilifunguliwa mwaka 1994 na leo ina watu zaidi ya 50,000. Nyanya hazilali sokoni, na gari likilala, nasi tunalala njaa.

Fundi mmoja mjini akasema kompyuta ya injini imekufa. Baba watoto akaamini, maana gari lilikuwa likitetemeka na kunywa petroli kupita kiasi. Mabati yote yakaishia kwenye kompyuta iliyotolewa gari jingine. Ilipofungwa, injini haikuwaka kabisa: kompyuta ile ilikuwa bado inautambua ufunguo wa gari lake la kwanza, na wetu ikaukataa. Mama mkwe hakugomba. Alisogeza kitanda chake pasipovuja, na hilo lilituuma kuliko maneno.

Binti yetu ndiye aliyesema, "Baba, rudisha ile ya zamani, tuiulize yenyewe." Vijana wa hapa wamekuwa wakifundishana kuandika programu tangu Remy Gakwaya, mkimbizi mwenzao, aanzishe TakenoLAB, na binti hataki kitu kiitwe kibovu kabla hakijasomwa. Tukanunua Old Town, mjini Lilongwe, kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani, kinachozungumza na simu kwa bluetooth. Kikaonyesha P0171: hewa imezidi mafuta. Hakuna palipoandikwa kwamba kompyuta imekufa.

Mume wangu akailaumu petroli. Malawi imekuwa ikiichanganya na ethanoli ya miwa ya Dwangwa tangu 1982, na ni kweli ethanoli hubadili hesabu: kilo 1 ya petroli huhitaji kilo 14.7 za hewa, ya ethanoli 9 tu. Lakini binti alipiga hesabu mezani, mbele ya bibi yake. Mchanganyiko wa asilimia 10 huilazimu kompyuta kuongeza mafuta kwa asilimia 4 hivi. Simu ilionyesha ongezeko la asilimia 25.

Hapo ndipo nilipopenda elimu hii ya kuisoma injini. Wengi wanatamani kuandika upya jedwali la mafuta lililomo ndani ya kompyuta ili gari liwe na nguvu, na sioni ubaya. Ila jedwali jipya juu ya ugonjwa usiojulikana ni kuuficha tu. Kusoma ndiyo nusu kubwa ya kazi. Injini ikinguruma bila kukanyagwa, ongezeko lilikuwa 25. Mume wangu alipokanyaga mpaka mizunguko 2,500 kwa dakika, likashuka hadi 7. Kama pampu ya petroli ingekuwa imechoka, namba ingepanda. Iliposhuka, ilituambia kuna hewa ya wizi, inayoonekana nyingi pale injini inapovuta kidogo.

Kuitafuta kulichukua mchana mzima na nyumba nzima. Mume wangu kwenye pedali, binti akisoma namba kwa sauti, mimi na chupa ya kunyunyizia maji wakati wa kupiga pasi, nikifuata mpira mmoja baada ya mwingine. Maharage yakaungua jikoni na hakuna aliyeinuka. Nilipofika nyuma ya manifoldi, binti akapiga kelele: "Imeshuka, mama! Rudia hapo hapo!" Maji yalikuwa yameziba ufa kwenye mpira wa vakyumu, mfupi kama kidole.

Mpira mpya, kumbukumbu ikafutwa, gari likapelekwa Lumbadzi na kurudi. Namba ikatulia kwenye 4. "Hiyo ni miwa ya Dwangwa," binti akamwambia bibi yake.

Kompyuta ya pili tunaitafutia mnunuzi. Mabati hayajarudi, na mume wangu sasa hubeba nyanya hata Jumapili.