Pa Haikuwekwa kwa Ajili Yangu

Waliopanga hesabu za gofu hawakunikusudia mimi. Pa ni idadi ya mikwaju ambayo mchezaji stadi anatazamiwa kumalizia shimo, na ndani yake ametengewa miwili ya kusukumia mpira akishafika kwenye majani yaliyonyolewa karibu na tundu. Shimo la pa 4 basi ni mikwaju miwili ya kufika na miwili ya kumalizia. Mimi miwili ya kwanza huishia kuchimba udongo.

Kinachoamua zaidi ni urefu. Kwa kanuni zinazotumika kimataifa tangu 2020, shimo la wanaume lisilozidi yadi 260 ni pa 3. Yadi 240 hadi 490 ni pa 4. 450 hadi 710 ni pa 5. Wanawake wana vipimo vifupi zaidi. Vipimo vinapandana makusudi: shimo la yadi 470 laweza kuwa pa 4 au pa 5, na wanaopima huangalia pia mteremko, kona, upepo uliozoeleka na kimo kutoka usawa wa bahari.

Hicho kimo ndicho kilichoniponza. Kazini tuliandaliwa siku ya gofu hapa Nairobi, na mwenzangu mmoja, mjuzi wa kila kitu, akanihakikishia kwamba kwenye mita 1,700 hewa ni nyepesi, mpira huruka mbali kuliko Mombasa, kwa hiyo shimo refu ni kama limefupishwa. Kweli kabisa, ila hiyo ni habari ya mpira unaoruka. Wangu ulitambaa, ukapita katikati ya miguu ya meneja wa fedha, ukatulia mtaroni. Mkwaju wa pili uligonga mti, mpira ukarudi nyuma ya nilipoanzia.

"Pa bado ipo, mzee," akasema kedi, mbeba fimbo zangu, bila kucheka. Kijana yule anastahili nyongeza ya mshahara.

Kwenye majani mafupi, ile mikwaju miwili ya stadi iliisha mpira ukipita tundu kama matatu iliyojaa ipitavyo kituo. Tulipomaliza shimo hilo la pa 4, kedi akaandika 9. Nikamtazama. Akanieleza kwamba anayeanza kutafuta handikapu, yaani kipimo cha uwezo wa mchezaji, haandikiwi zaidi ya pa na mikwaju mitano kwa shimo, hata akipiga mpaka magharibi. Katika kanuni zote za gofu, hiyo ndiyo yenye utu, na ilistahili kuandikwa kwenye kibao cha shimo la kwanza.