Mzee, Fimbo Umeishika Upande Siyo

Meli kubwa iliyowahi kufika Dodoma ilikuja ndani ya masanduku. Iliundwa mwaka 1913 huko Papenburg, Ujerumani, kwenye kiwanda cha Meyer, kisha ikafumuliwa vipande vipande, ikafungwa kwenye masanduku yapatayo 5,000 na kuletwa Dar es Salaam kwa bahari. Hapo ikapakiwa kwenye treni ya reli ya kati, ikakatiza nchi ya Wagogo katikati ya mibuyu na vumbi, ikaenda kuunganishwa upya Kigoma na kushushwa ziwani mwaka 1915. Wajerumani waliiita Graf von Götzen. Sisi tunaijua kwa jina la Liemba. Zaidi ya hiyo, habari za meli hapa uwandani huwa tunazisikia redioni tu.

Kiwanda kile bado kipo, na siku hizi kinaunda meli za kitalii zenye ghorofa nyingi kuliko majengo mengi ya Dodoma. Nalijua hili kwa sababu mwanangu anayeishi Hamburg alinitumia picha za meli mojawapo. "Baba, njoo utembee. Humu kuna lifti, milango mipana, na bafu halina hata kizingiti. Goti lako halitajua kama limesafiri." Nikamuuliza swali moja la kijijini: mtu anashukaje? Akaenda kuuliza. Kumbe kwenye miji ambayo meli haiwezi kufunga gatini, hutia nanga nje na abiria wanashushwa kwa viboti. Asiyeweza kuruka kutoka melini kwenda kwenye kiboti kinachochezacheza huambiwa abaki ndani, autazame mji kwa mbali akinywa juisi.

Basi hiyo ni Liemba yetu yenye mabwawa ya kuogelea. Ziwani nako, kwenye vijiji visivyo na gati, meli ilisimama mbali na ufuko, mitumbwi ikaizingira, watu wakapanda na kuku wao kupitia mlango wa ubavuni. Tofauti ni nauli. Nikamjibu mwanangu kwamba nitafanya safari yangu ya bahari hapa hapa nchini: treni mpaka Dar es Salaam, boti mpaka Unguja, ambako mpwa wangu alikuwa anaolewa. Kama ni kushindwa kushuka, nishindwe kwa Kiswahili.

Goti lenyewe ni la kushoto. Limesagika. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinipa fimbo akanifundisha kanuni ambayo haijulikani na mtu yeyote mwingine katika Jiji la Dodoma: fimbo hushikwa upande wa mguu mzima. Mtu anapotembea, mkono wa kulia huenda pamoja na mguu wa kushoto, kwa hiyo fimbo ya mkono wa kulia hutua chini wakati ule ule mguu mbovu unapotua, nayo hupokea sehemu ya uzito. Inaeleweka kabisa ukiwa umekaa ofisini kwake. Ukitoka nje ya geti, dereva wa bajaji anakwambia: "Mzee, fimbo umeishika upande siyo." Muuza karanga anakuunga mkono yeye. Mama mmoja pale Majengo alininyang'anya fimbo kwa upole, akaihamishia mkono wa kushoto, akanipigapiga begani, akaenda zake kwa furaha ya mtu aliyetenda jema. Nilibaki na fimbo na goti upande mmoja, na upande wa pili nina mfuko wa nyanya.

Matibabu nayo hayanunuliwi, yanatolewa bure barabarani. Supu ya kongoro kila asubuhi. Bamia mbichi zilizolowekwa usiku kucha. Na kwa kuwa tuko Ugogo, mlenda, maana kitu kinachovutika namna ile, walioshauri walisema, lazima kitaongeza ute wa goti. Nimekula mlenda tangu utotoni mpaka uzeeni. Kama hoja hiyo ingekuwa kweli, ningekuwa nacheza mpira Jamhuri. Kabla ya dawa kuna pole. "Pole, mzee." Ukijibu "asante," hujamaliza, unadaiwa maelezo. Ajali ya boda? Sukari? Umeanguka bafuni? Kutoka nyumbani kwangu Nkuhungu mpaka barabara ya lami ni mwendo mfupi, lakini kwa hesabu ya pole huchukua asubuhi nzima.

Halafu kuna jambo la hapa kwetu peke yake. Mgogo wa kweli hatembei bila fimbo, na si kwa ajili ya goti. Fimbo ni ya mifugo. Kwa hiyo mwanamume mwenye fimbo mjini hachukuliwi kuwa mgonjwa, anachukuliwa kuwa mtu aliyepoteza ng'ombe. Mzee mmoja pale sokoni aliniamkia "Mbukwenyi," akaitazama fimbo yangu ya aluminiamu, ile yenye vitundu vya kurefusha na kufupisha, akaipima kwa mkono, akanirudishia kwa huruma. "Hii hata mbuzi haimtishi."

Siku chache kabla ya safari, mpira wa ncha ya fimbo ukatoboka. Watu hawaujui umuhimu wa mpira huo. Fimbo isiyo nao, ikikutana na vigae vilivyopigwa deki, inakwenda Morogoro kabla yako. Duka la dawa la kwanza halikuwa nao, la pili likaniuzia wa saizi ya gongo la kwapani. Fundi viatu aliyekaa chini ya mwarobaini ndiye aliyeniokoa: alikata kipande cha tairi, ile ile ya katambuga, akakipiga misumari mifupi na gundi. Kikaonekana kibaya na kikashika sakafu barabara. Ncha hiyo bado iko hai ninapoandika.

Treni ya umeme sina neno nayo. Tangu ilipoanza kufika Dodoma mwaka 2024, sisi wenye magoti tumepata heshima mpya. Stesheni ina lifti, jukwaa liko usawa wa mlango wa behewa, unaingia kwa miguu yako. Wanaokumbuka mabehewa ya zamani wanajua ninachosema: ngazi za chuma zilizosimama wima, mmoja anakuvuta kwa mbele, mwingine anakusukuma kwa nyuma, na wote wawili wanatoa maelekezo yanayopingana.

Kwenye treni taabu yangu ilikuwa ni wema. Jirani yangu wa kiti, bwana mmoja mstaarabu, aliona fimbo imeegemea goti langu, akasema, "Mzee, hii itakusumbua," akainyanyua akaiweka juu kabisa, kwenye sehemu ya mizigo. Kisha akanisimulia kesi ya shamba la familia yao tangu babu mpaka mahakamani, tukafika Morogoro, akaniaga kwa mikono miwili na kushuka. Fimbo ikabaki juu. Nami nilikuwa nimekunywa chupa nzima ya maji kwa sababu binti yangu aliniagiza nisikaukiwe. Treni inayokimbia kilomita 160 kwa saa ni ya kasi, lakini kwa mtu anayetaka choo na fimbo yake iko mbinguni, Ruvu ni mbali mno. Aliyeishusha hatimaye alikuwa mtoto wa shule aliyesimama juu ya kiti, huku mama yake akimkemea kwa kukanyaga kiti. Nilimtetea kwa maneno machache, nikaondoka.

Hapa niseme kidogo kuhusu mashine za ukaguzi, ambazo siku hizi ziko kila mahali, kuanzia hoteli mpaka mahakama. Fimbo ni chuma, chuma kipite kwenye mashine. Sawa. Mwenye fimbo naye apite kwenye fremu, kwa miguu yake, bila fimbo. Nimeshajifunza kuelea hewani kwa muda huo mfupi. Jambo ninaloliomba kwa dhati ni fimbo isiachwe isubiri nyuma ya ndoo ya mahindi na magodoro mawili.

Gatini Dar es Salaam ndiko kanuni za mtaalamu wangu zilikoisha. Alinifundisha ngazi hivi: ukipanda, tanguliza mguu mzima, ukishuka, tanguliza mbovu pamoja na fimbo. Dodoma kanuni hiyo inatosha, kwa sababu ngazi za Dodoma zimetulia. Daraja la kuingilia botini halijatulia. Pwani yetu wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka karibu mita 4, kwa hiyo ubao ule ule asubuhi ni mlima na alasiri ni bonde, na katikati ya safari yako wimbi linaweza kubadili mawazo. Nilisimama pale nikijiuliza, je, ninapanda au ninashuka? Mguu upi utangulie? Nyuma yangu foleni ilikuwa inajibu kwa sauti.

Vijana wawili wakanitazama, wakatazamana, na kabla sijasema lolote nikawa hewani. Walinibeba juu juu kama mbunge aliyetangazwa mshindi, na nadhani nilipunga mkono. Watu walikuwa wanatazama, ungefanyaje? Waliniweka kwenye kiti, wakaniambia "Pole, mzee," wakapotea kabla ya kupokea asante. Fimbo ilikuwa imebaki upande wa pili. Ilinifikia baadaye mkononi mwa kuli mmoja, aliyedai ujira wa mzigo. Tulipatana bei. Mimi nilibebwa bure.

Hapo kusi lilikuwa limeanza kuvuma, na mkondo kati ya bara na Unguja ukichafuka huwa haumwangalii mtu usoni. Nusu ya kwanza watu walikuwa wanapiga picha. Nusu ya pili mhudumu alipita akigawa mifuko ya kutapikia, kwa adabu ile ile ambayo wengine hugawa pipi. Na hapa ndipo nilipoipata likizo yangu. Vijana wenye miguu yao, waliokuwa wakiruka viti, sasa walikuwa wakitaka kwenda msalani na hawawezi kupiga hatua tatu bila kuangukia mapaja ya mtu. Bwana mmoja mwenye shati la kunyooshwa alikumbatia nguzo, akatangaza kwamba Mungu akimfikisha hatarudi kwa njia ya maji. Mimi nilisimama, nikatanguliza kipande changu cha tairi, nikaenda msalani na kurudi. Mtu aliyezoea sakafu isiyoaminika nyumbani haoni tofauti kubwa baharini. Niliporudi, bwana wa shati alinitolea macho: "Mzee, niazime hiyo." Nilimwazima. Akaishika upande siyo, nikamsahihisha. Sijawahi kufurahia neno kiasi kile.

Unguja ilinipokea vizuri kuliko nilivyotazamia, na sifa zote ziende kwa mabaraza. Wajenzi wa Mji Mkongwe hawakuandika waraka wowote kuhusu watu wenye magoti, lakini walijenga benchi la mawe kwenye kuta za nyumba zao kwa ajili ya maongezi na kahawa. Mtu anakwenda hatua ishirini, anakaa. Anasalimiwa, anaulizwa habari za bara, anainuka. Nilivuka kutoka Malindi mpaka Forodhani kwa kukaa, na nikafika nikiwa na marafiki. Nyumba tuliyopangiwa kulala ndiyo iliyokuwa kesi. Mwenyeji alituambia kwa fahari kuwa chumba changu kipo ghorofa ya tatu, "upepo mtupu, mzee wangu, na bahari yote unaiona." Ngazi zilikuwa nyembamba, kila moja na urefu wake, na kamba badala ya mbao ya kushikia. Nililala ukumbini chini, kwenye kochi, pamoja na masufuria ya harusi. Mpishi alianza kazi saa kumi alfajiri. Nilikuwa mtu wa kwanza kuionja biriani, na sitaki kusikia habari za bahari yote.

Nyumbani Dodoma sasa naangalia majengo kwa jicho la boti. Tumejenga sana tangu serikali ilipohamia, na karibu kila nyumba mpya ina ngazi nne za heshima mbele ya mlango, hata pale ambapo uwanja ni tambarare na hakuna mafuriko ya kukimbia. Wengine wameweka pembeni njia ya mteremko, lakini mkali kiasi kwamba unafaa kwa maji ya mvua tu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ipo tangu mwaka 2010 na inataka majengo ya umma yafikike. Nimekutana na mlango mmoja ambao mteremko wake ulikuwa mzuri kabisa, mpana, wa taratibu, na katikati yake wameegesha pikipiki.

Pikipiki hizo ziondolewe. Na wewe msomaji, ukimkuta mtu mwenye fimbo kwenye ngazi, usimbebe na usimguse fimbo. Muulize kwanza anataka nini. Akikubali msaada, simama upande ambao hauna fimbo, mpe mkono wako aushike yeye, na umwache aende kwa mwendo wake. Fimbo ameishika upande unaotakiwa.