Samaki wa Paka

Peterhead, Scotland, mwishoni mwa Juni

Mjomba, shikamoo. Mama, shikamoo. Na nyie wengine mliojazana hapo barazani mkisomewa barua isiyo yenu, hamjambo.

Wiki hii sikuwa na nia ya kuandika. Siku zangu zinafanana: naamka, naosha, nabeba, nalala. Lakini juzi nimenyang'anywa kitoweo na paka, tena paka mwenye sheria upande wake, na hilo siwezi kulala nalo.

Chombo kimoja kiliingia alfajiri kikaanza kushusha. Mimi, kama mnavyojua, niko kwenye sekta ya uvuvi, maana yake naosha makreti. (Mjomba, habari zimenifikia kwamba umewaambia watu wa mtaani kwetu Sahare, Tanga, kwamba mimi ni ofisa wa bandari. Sikukanushi mbele za watu, ila usinipandishe cheo zaidi ya hapo, nitashindwa kuja likizo.) Basi makreti yanatoka tumboni mwa chombo, samaki wamelazwa kwenye barafu, wamepangwa vizuri kuliko sisi tulivyokuwa tukipangwa kwenye basi la Korogwe. Na pembeni, peke yake, kama mtoto aliyetolewa darasani kwa kukosa ada, kuna kreti moja la visamaki. Ni haddock, samaki wa huku mwenye doa jeusi begani, utadhani kuna mtu alimbonyeza kwa kidole gumba ajue kama ameiva. Nikahesabu kwa macho. Sita wangetosha, na wangeenea kikaangoni bila kukunjwa mkia.

Nikafanya anachofanya mtoto yeyote aliyekulia Sahare. Nilimsogelea nahodha, nikamsalimu, nikakisifia chombo chake, nikauliza habari za bahari, nikaulaumu upepo kidogo, ndipo nikaomba kitoweo. Mjomba, yule mtu alinitazama kana kwamba nimemwomba injini.

Akanieleza taratibu, kwa sauti ya kumsemesha mgonjwa. Haddock aliye chini ya sentimita 30 ni mtoto. Samaki wanayemwita cod, utoto wake unaishia sentimita 35. Ukiwa na chombo chenye mgao ukamvua mtoto, huruhusiwi kumtupa baharini. Uje naye bandarini, umwandike, na kilo zake zikatwe kwenye mgao wako wa mwaka. Haya. Ukishamleta, hauzwi kwa mwanadamu wa kumla. Nikauliza, sasa anakwenda wapi? Akasema anasagwa unga, au anafanywa chambo cha madema ya kaa, au anatengenezwa chakula cha paka.

Nikamwomba arudie hapo mwisho. Akarudia.

Hapa nilipopanga kuna paka wa jirani, mnene, ambaye tangu nihamie sijamwona akishika hata panya mmoja. Hulala dirishani akinitazama nikirudi kazini nimelowa, nanuka, nimebeba mkate. Kumbe muda wote ule alikuwa anajua. Kwenye bandari inayoshusha samaki wengi kuliko nyingine yoyote Uingereza, tukisimama mimi na yeye mbele ya kreti lile, mwenye haki ni yeye.

Sheria yenyewe haikuzaliwa hapa. Ililetwa na Umoja wa Ulaya kidogo kidogo, kuanzia 2015 hadi 2019, Waingereza wakiwa bado ndani. Wenyewe wametoka, sheria wamebaki nayo, kama mtu aliyeachika akaondoka na sufuria. Zamani nahodha aliyemaliza mgao wake wa samaki fulani alikuwa akiwamwaga baharini wakiwa wameshakufa, kwa kuwa kuja nao ni kosa. Ndipo ikaamriwa waletwe wote, wahesabiwe. Na wadogo wasipate bei ya kuliwa, maana wakiuzika, nani atahangaika na wavu wa macho makubwa? Ukiisikiliza mara ya tatu inaanza kukuingia akilini, na hapo ndipo inapoudhi zaidi.

Maana nilikumbuka kwetu. Sisi kipimo chetu kinajulikana: samaki akienea kikaangoni, amekua. Asipoenea huyo ni dagaa, na dagaa hana umri. Nilikumbuka kokoro likivutwa ufukweni, limekatazwa na kila mtu anajua limekatazwa, na sisi watoto tumeshika kamba kwa ujira wa kiganja kimoja cha visamaki vya urefu wa njiti ya kiberiti. Nikakumbuka na ile milio ya baruti upande wa visiwani, ambayo mama alikuwa akituambia ni radi, mbingu nyeupe, wingu hakuna. Sikumjibu nahodha kitu. Nilirudi kwenye makreti yangu nimevuta mdomo.

Huko najua kusi limeshika, ngalawa zimepandishwa mchangani, na mjomba amejizungushia kanga ya mama shingoni akidai kipupwe cha mwaka huu kinaua. Huku tuko katikati ya kiangazi. Joto limepanda hadi nyuzi 15 na watu wamevua mashati. Siku nyingine ukungu unapanda kutoka baharini, wenyewe wanauita haar, unameza chombo, unameza gati, unammeza na mtu uliyekuwa ukizungumza naye. Yeye anaendelea kuzungumza.

Lakini kilichoniharibia maisha ni saa. Saa yetu Waswahili anaijua hata asiye na saa: jua likitoka ni kumi na mbili, ukimaliza chai ni saa moja, likizama ni kumi na mbili tena, mambo yamekwisha. Huku jua la Juni linatoka saa kumi usiku na dakika chache, na linazama saa nne usiku. Saa nne usiku, mama, jua linakupiga usoni! Nilipomwambia baharia mmoja Mghana kwamba tuonane giza likiingia, aliniuliza, la mwezi wa ngapi? Isha inaingia karibu na usiku wa manane, na Alfajiri iko mlangoni inavua viatu. Katikati hapo hapana nafasi hata ya kukoroma vizuri. Na msinionee wivu kwa mwanga huo. Desemba wanakuja kuudai wote: jua linazama saa tisa na nusu alasiri, na sala za mchana zinafuatana kama daladala zinazogombania abiria.

Lugha nayo ni hivyo hivyo. Kiingereza nilichosomeshwa, ambacho mjomba uliuza mbuzi wawili kwa ajili yake, hapa hakizungumzwi. Wao wana chao, Doric. Asubuhi yangu ya kwanza msimamizi aliniambia "Fit like?", nikajua anaulizia mabuti, nikamjibu yananibana. Kumbe ni hujambo. Wiki ya pili mzee mmoja akaniuliza "Foos yer doos?", yaani njiwa wako hawajambo? Nikamwambia sina njiwa. Alisikitika sana. Jibu lake, nimefundishwa baadaye, ni kwamba wanadonoa. Hata sisi Watanga, tunaoweza kusalimiana mpaka samaki akaoza mkononi, hatujafika kwenye njiwa.

Sasa nije kwenye jaketi.

Kazini kwetu hukanyagi ukingo wa gati bila jaketi la kuokolea maisha. Msifikirie yale maboya ya rangi ya machungwa tunayoyakalia kwenye boti ya Pemba. Hili ni jembamba, limelala shingoni kama skafu, mtu akikuona anaweza kudhani ni urembo. Ndani yake mna kikopo cha gesi, na pembeni ya kikopo mna kidonge. Kidonge hicho kazi yake duniani ni moja, kuyeyuka. Ukitumbukia, maji yanakiyeyusha, sindano inafyatuka, inatoboa kikopo, gesi inajaa, unaibuka umekumbatiwa na boya hata kama umezimia. Nilipoelezwa nilisisimka. Nikauliza, kidonge kinajuaje kwamba nimeanguka baharini, na si kwamba nimelowa tu? Msimamizi akasema kinajua.

Hakijui.

Bandari hii imezungukwa na ukuta mkubwa wa mawe uliojengwa kwa jasho la wafungwa wa gereza la papa hapa. Kazi ilianza miaka ya 1880 ikakamilika 1956. Kwa hiyo mawimbi hayatufikii. Aliyenilowesha ni mimi mwenyewe. Jumatano nilikuwa nimeshika mpira wa maji wa presha, naosha, na kreti moja likanirudishia maji yote kifuani. Nikasikia paa! Mtu aliyekulia Tanga akisikia mlipuko karibu na bahari halali kichali kufikiri, anajitupa chini. Nikajitupa. Jaketi likavimba, likanikaba, likanisukuma kidevu nikabaki natazama mbinguni, nikawa bunju aliyetolewa majini. Mikono haikutani mbele. Filimbi inaning'inia puani. Na taa ya dharura ikaanza kuwaka na kuzimika, saa nane mchana, nchi kavu, kwenye jua. Walikusanyika mabaharia wa vyombo vitatu. Mmoja, Mungu amsamehe, alinirushia kamba.

Kidonge kipya na kikopo kipya vina bei yake, nayo nimeshatajiwa.

Nilicheka na wenzangu, kisha nikanyamaza ghafla. Usiku, ule usiku wao wa kuazima, usingizi ukanipaa nikimfikiria mjomba. Miaka yote hiyo na ngalawa, na boya lako ni dumu la mafuta ya kula lililozibwa kwa nailoni. Halijawahi kumlipukia mtu, nakubali. Ila siku ile kusi lilipovunja foromali mkakesha nje ya kisiwa cha Jambe, mama alikaa mlangoni mpaka kukapambazuka, chai imepoa mkononi, na hakuna aliyethubutu kumwambia neno. Wale mabaharia walioniuliza kwa nini nimenyamaza ghafla, sikuwasimulia. Kiingereza chake sina, wala Doric.

Kuhusu shakwe nitasema kidogo tu, kwa kuwa nina hasira nao. Wana ukubwa wa bata na uso wa mgambo. Wanakupokonya chipsi mkononi ukiwa umesimama nao wima, kisha wanakaa mbele yako kula. Kunguru wetu, walioletwa Unguja miaka ya 1890 wafagie taka, tunawategea sumu na hakuna anayewalilia. Hawa, ukivunja hata kiota chao bila kibali una kesi, sheria ya 1981 iko wazi. Basi kwa mpangilio wa haki, kuanzia juu, huku yuko shakwe, yuko paka, halafu mimi.

Jumamosi yule Mghana alinihurumia. Tulikwenda Boddam, kijiji cha jirani upande wa kusini, penye mawe na mnara wa taa, tukiwa na mishipi miwili. Kiangazi vibua wanasogea pwani. Ndiyo mama, vibua! Hawajazaliwa tumbo moja na wa kwetu, ni binamu: wamejaa mafuta, na mgongoni wamechorwa mistari myeusi ya kujikunjakunja. Lakini ukimshika mkononi anatetemeka vile vile. Unashusha mshipi wenye ndoana tano zilizofungwa manyoya, hata chambo hakuna, unavuta wanakuja watatu. Baada ya nusu saa nilikuwa na tisa, na nilikuwa sijasema neno, mpaka mwenzangu akauliza kama naumwa.

Wa kumi alikuwa mdogo. Nikatazama huku na huku, hapana mtu. Mghana akatoa rula mfukoni. Sentimita 28, bado mtoto. Mjomba, mimi, mtoto wa Sahare, niliyelelewa na kokoro, nilimrudisha samaki baharini akiwa mzima. Naomba jambo hili lisitoke hapo barazani.

Tulipika kwangu saa tatu usiku, dirisha wazi, jua linaingia. Yeye alitaka shito, ile pilipili yao nyeusi. Nikamwambia kibua hali pilipili tu, kibua anataka tui. Nazi madukani zipo, zinauzwa moja moja kama dawa, lakini sina cha kukunia, kwa hiyo nilifungua tui la kopo, ambalo halimiminiki, linaanguka. Mchuzi ulikubali. Mghana aliramba sahani akasema shito ni bora. Vichwa nilimpelekea yule paka dirishani kwake, kwa shari zaidi kuliko kwa wema. Alinusa, akageukia upande wa pili.

Mjomba, ile mashine ya Yamaha ya ngalawa bado, usiwaahidi watu. Jaketi nitakuja nalo, na vidonge vya akiba, ila ulivae bandarini tu mpaka tuelewane nalo. Na nimesikia kuna kijana wa mtaani kwetu anakuja kusoma Aberdeen Septemba. Huko ni karibu na mimi. Mpeni ile mbuzi ya jikoni, ile ya zamani yenye meno, si hii mpya ya kukunjakunja, aniletee. Ila forodhani wakimuuliza amebeba nini, tafadhali asitafsiri.