Herufi za Madaha

Mlezi wa klabu ya sanaa katika shule moja ya Nyamira hakuona kwa nini jiwe la Kisii limshinde mtoto. Si huchongwa kwa kisu? Si akina mama wa Tabaka hulisugua kwa msasa ndani ya beseni la maji huku wakipiga soga? Akaleta sahani tatu za mawe, rangi nyeusi na brashi. Mwalimu mkuu alikuwa anastaafu, na zawadi ilitakiwa.

Ili kuwatia moyo wanafunzi, aliwasimulia habari za Elkana Ong'esa, mchongaji wa Tabaka ambaye ndege wake wa amani amesimama makao makuu ya UNESCO jijini Paris, na ambaye mwaka 2014 alichonga mbele ya umati katika tamasha la Smithsonian kule Washington. Hapo mlezi alijitafutia balaa. Tangu siku hiyo, kila kitu kilipoharibika, mvulana mmoja wa nyuma aliuliza kama Paris bado wanasubiri.

Kazi yenyewe kuieleza ni rahisi. Sahani hupakwa rangi, ikikauka mchoro hukwaruzwa kwa ncha kali, na weupe wa jiwe huchomoza. Mafundi wana vyuma vyao. Klabu ilikuwa na bikari za hesabu.

Kuandika aliachiwa msichana mwenye mwandiko mzuri kuliko wote. Akaichora M ya “Mwalimu” kwa madaha, mikia kushoto na kulia. Alipofika kwenye U ya mwisho, ukingo wa sahani ulikuwa umewadia. “Mkuu” hakuwa na pa kukaa.

Daftari lina kifutio. Jiwe lina msasa. Wakasugua. Rangi ikatoka, herufi zikabaki, maana bikari ilikuwa imezama. Wakasugua zaidi, na vumbi likawajaa nyusi kama waliotoka kwenye kisiagi. Mama mmoja aliyeleta mawe mengine alisimama mlangoni akakohoa.

“Mwalimu, kwani huku maji hamna?”

Nyamira hiyo, ambako mvua haikawii!

Japani, mtoto anayefundishwa kaligrafia ya brashi huambiwa mapema kwamba mstari ukishapita haupakwi mara ya pili. Ukienda kombo, chukua karatasi nyingine. Lakini karatasi haina uzito wa kubebwa kwa matatu kutoka Tabaka. Isitoshe, Wajapani husaga kijiti cha wino juu ya jiwe gumu. Wangejaribu na hili letu, lingesagika lenyewe.

Sahani ya kwanza ilisuguliwa hadi ikapasuka. Ya pili iliteleza kwenye beseni, sasa likiwa na maji. Ya tatu ikaandikwa “Mw. Mkuu”, herufi ndogo, bila mikia.

Mzee aliipokea kwa makofi, akaigeuza huku na huku, akauliza huyo Mw. ni nani.

Juma lililofuata mweka hazina aliagiza sahani kubwa zaidi. Naibu naye alikuwa amepata uhamisho, na ana majina manne.