Pua Mbili za Petro na Ng'ombe wa Mahari

Tantine alinunua Bujumbura picha ya Karamu ya Mwisho, ile ya plastiki yenye matuta, ukiitazama meza inachomoza ukutani na mikate karibu ikudondokee. Akaivusha mpaka wa Kavimvira ikiwa ndani ya kitenge, akaitundika sebuleni kwetu Mulongwe, juu ya kiti cha mzee msemaji wa ukoo. Wiki hiyohiyo wakaja watu wa mchumba wa dada yangu kuzungumza mahari.

Meza inachomoza kwa sababu macho ya mtu yameachana kama sentimita 6, kila moja linaona lake, na ubongo ndio unaopatanisha mpaka tukaona umbali. Picha ya tantine imechapwa kwa vipande vyembamba vilivyosimama wima, hiki cha jicho la kulia, hiki cha kushoto, na kila tuta ni lenzi inayopeleka kipande kwa mwenyewe. Mwaka 1903 Frederic Ives wa Marekani alipata hataza ya mbinu iliyo jirani: kizuizi chenye nyufa mbele ya picha. Chungulia ua wa matete kwa jicho moja, kisha jingine. Kuku unayemwona siye yuleyule. Kizuizi cha aina hiyo ndicho Nintendo walichoweka kwenye kifaa chao cha michezo cha 3DS mwaka 2011, kikaonyesha kina bila miwani. Sharti ni moja: ukae panapotakiwa. Ukisogea, macho yanabadilishana vipande na mtume Petro anaota pua ya pili.

Basi wageni walibanana kwenye benchi, kila mmoja akitafuta mahali pake: kichwa kushoto, kulia, kushoto tena. Mzee wetu, picha ikiwa mgongoni kwake, akataja ng'ombe wanane. Vichwa vyote vikatikisika, polepole, kwa huzuni kabisa.

“Haya, saba.”

Vikazidi.

“Sita, wakwe zangu, nasi tuna haya!”

Tantine alikuwa jikoni anakaanga ndagala, hakuna wa kumkanyaga mzee mguu. Kijana mmoja wao akalaza kichwa begani. Vipande vimesimama wima, kwa hiyo ukilaza kichwa macho yote mawili yanapata picha moja, na kina kinatoweka. Akasema kwa sauti:

“Aa, imekufa!”

Mzee akadhani ni posa iliyokufa. Wakaandikwa wanne.

Juzi ukoo mmoja wa Kalundu umetuma mtu kuuliza kama mdogo wetu ameshachumbiwa, na kama ile picha bado ipo.