Soksi za Njano Si za Yanga

Horsham, Uingereza

Mjomba,

Naona ile picha niliyoirusha kwenye grupu la ukoo imezua mjadala kushinda hata ule wa shamba la babu. Mama Mdogo kauliza kama kuna Maulidi. Shangazi kasema hao ni mapadri wanafunzi. Wewe, kwa kuwa damu yako ni ya Simba wa Msimbazi, hukuona joho wala mkanda. Uliona soksi tu, ukaandika kwa herufi kubwa kwamba mpwa wako kahamia Yanga, kule Jangwani, akiwa ughaibuni ambako hakuna wa kumzuia. Naomba nijieleze kabla sijafutwa kwenye urithi.

Wale ni wanafunzi wa sekondari. Ilikuwa siku ya kawaida kabisa, mchana, wanakwenda kula.

Shule yenyewe inaitwa Christ's Hospital, na usiniulize wodi iko wapi. Enzi zile hospitali ilikuwa nyumba ya kuwahifadhi wasiojiweza, na jina limeng'ang'ania hadi leo. Mwaka 1552 Askofu Ridley alimhubiria Mfalme Edward wa Sita juu ya watoto waliokuwa wakizurura London bila baba wala chakula. Mfalme mwenyewe alikuwa kijana wa miaka kumi na minne, rika la kidato cha pili, kwa hiyo huenda maneno ya kwenda shule yalimwingia kuliko yangemwingia mtu mzima. Baba yake, Henry wa Nane, alikuwa amewatimua watawa wa Greyfriars kutoka kwenye majengo yao. Yakatafutiwa kazi. Novemba mwaka ule watoto wapatao 380 wakaingia. Hati ya kifalme ilitiwa saini Juni 1553, na tarehe 6 Julai mfalme akafariki. Ridley naye, chini ya malkia aliyefuata, alichomwa moto hadharani huko Oxford mwaka 1555. Nakumbuka ulivyokuwa ukilalamika kwamba kuanzisha shule ya kata kuna misukosuko.

Sasa hiyo sare. Koti la sufu, bluu iliyokolea, linashuka hadi karibu na vifundo vya miguu. Kifuani vifungo, kiunoni mkanda wa ngozi, shingoni vitambaa viwili vyeupe vinavyoning'inia. Suruali inaishia magotini. Halafu ndipo zinapokuja soksi, njano ya embe dodo lililoiva. Bluu ilikuwa rangi rahisi ya watumishi na vijana wanaojifunza kazi, yaani ukimwona mtoto mtaani unajua mara moja huyu analishwa kwa sadaka. Kuhusu njano, wenyewe wanasimulia kwamba iliaminika kufukuza panya. Simulizi hiyo naipeleka kama nilivyoipokea. Ila panya wa stoo yetu pale Ngamiani, ninavyowafahamu, wangezila soksi zenyewe.

Kinachonichekesha ni hiki. Mavazi ya maskini wa mwaka 1552 yangali yanavaliwa, mabadiliko ni machache, na hakuna anayeyaonea haya. Miaka kadhaa iliyopita uongozi uliwauliza wanafunzi kama wanataka kuvaa kitu cha kisasa zaidi. Asilimia 95 walikataa. Wewe ulikuwa mwalimu wa nidhamu, unajua kwamba huwezi kupata asilimia 95 ya wanafunzi wakubaliane hata kwamba leo ni Jumatatu.

Nadhani nimeielewa sababu, na haikutoka kwenye kitabu. Huku mimi nabeba boksi kwenye nyumba ya wazee, na mmoja wa wazee ninaowaogesha amesoma pale. Kwenye droo ana Biblia aliyokabidhiwa siku ya kuondoka, kama wanavyokabidhiwa wote, na mkanda. Mkanda ule, Mjomba, una hadithi. Wadogo wanavaa mwembamba. Ukishakua darasani unapata mpana, wenye bizimu kubwa la fedha. Mzee siku hizi hakumbuki kama amekunywa chai, lakini mkanda ukiwekwa kinyume kwenye droo anajua. Nikamuuliza, enzi zenu mtoto wa tajiri mlimjuaje? Akaniangalia kama niliyeuliza swali la kijinga. Sare inatolewa bure kwa wote. Karo inapangwa kwa kuangalia mfuko wa mzazi: yupo anayelipa yote, yupo anayelipa kidogo, yupo asiyelipa hata senti, na wote wamevaa soksi zilezile za ajabu. Shule nyingine za bweni za Waingereza zilizoanza kwa ajili ya maskini ziliishia kujaa watoto wa mabwanyenye, maskini akabaki kwenye wimbo wa shule tu. Hii kidogo imekumbuka ilikotoka. Naisifu kwa hilo, ingawa najua utasema nimeshalishwa kasumba.

Majengo unayoyaona kwenye picha si ya kale kama mavazi. Shule ilikaa London, Newgate, kwa miaka 350. Moto Mkubwa wa 1666 ukaunguza sehemu kubwa, ikajengwa tena. Mwishoni mwa karne ya 19 wakaamua kwenda shamba, wakanunua eneo la kampuni ya ng'ombe wa maziwa hapa Sussex, ekari zipatazo 1,200. Wakamwita Aston Webb, yuleyule aliyekuja kuweka uso mpya wa Kasri la Buckingham, akishirikiana na Ingress Bell. Jiwe la msingi liliwekwa 1897, na Mei 1902 watoto wakahama. Ni matofali mekundu matupu, uwanja mpana wa mraba katikati, na mabweni yamepangwa kwenye barabara moja ndefu hadi unaweza kuchoka kabla hujafika la mwisho. Wakati wa kuhama hawakuja mikono mitupu. Masanamu, vipande vya kuta, milango ya mawe, vyote vilisafirishwa kutoka London. Mfalme Edward mwenyewe amesimama juu ya chemchemi katikati ya uwanja, kijana milele, akiangalia wenzake wakichelewa vipindi. Wasichana walikuwa na shule yao Hertford, wakajiunga na wavulana hapa 1985.

Reli nayo ikajenga kituo cha kupokea ugeni huo. Majukwaa saba! Mabwana wa reli walipiga hesabu kwamba mji utaota kuizunguka shule na abiria watafurika. Wakasahau mambo mawili: ardhi ya jirani ilikuwa ya shule, nayo haikuwa na haja ya kuuza viwanja, na mwanafunzi wa bweni anapanda treni mwanzo wa muhula na mwisho wa muhula, basi. Leo yanatumika majukwaa mawili na yanatosha na kubaki.

Turudi kwenye chakula, maana najua hapo ndipo unaposubiri. Hali ya hewa ikiruhusu, shule nzima inajipanga uwanjani bweni kwa bweni, bendi ya matarumbeta inapiga, wanaingia bwaloni kwa gwaride. Nilisimama pembeni na wageni wengine. Ngoma kubwa ilipopigwa, safu ya makoti mia kadhaa ikageuka upande mmoja kwa pamoja, na soksi zikawa zinapanda na kushuka chini ya pindo. Nikakumbuka foleni yetu ya ugali na maharage, sahani ya bati kwapani, kijiko kimefichwa mfukoni kisije kikaibwa, na bendi yetu ilikuwa ni kiranja wa zamu akigonga reli.

Ndani ya bwalo kuna picha ya ukutani yenye urefu wa futi zaidi ya 80, kazi ya Mwitalia Antonio Verrio. Mwaka 1673 Mfalme Charles wa Pili alianzisha shuleni chuo cha hesabu cha kufundisha vijana wa jeshi la majini kuongoza meli, na Samuel Pepys, ofisa wa jeshi hilo, akashughulikia sana jambo hilo. Picha ilikuwa ya kuadhimisha. Lakini Charles akafariki 1685, kwenye kiti akachorwa mdogo wake James wa Pili, na 1688 James naye akapinduliwa akakimbilia Ufaransa. Yupo bado pale ukutani, anapokea heshima za watoto wanaopita na trei.

Zamani chakula chenyewe hakikulingana na bendi. Charles Lamb, mwandishi, alisoma pale miaka ya 1780, na mwaka 1820 alichapisha insha ambayo wapishi hawakuifurahia. Yeye mwenyewe aliponea kwa shangazi yake, aliyekuwa akimletea chakula cha nyumbani. Mwambie Shangazi kwamba zile kalimati za siku ya kutembelewa zina historia ndefu.

Umeuliza kama kulikuwa na fimbo. Mjomba, alikuwepo mwalimu James Boyer ambaye ungempenda. Samuel Taylor Coleridge, mshairi mkubwa baadaye, alikuwa mikononi mwake. Siku moja kijana yule alielewana na fundi viatu jirani kwamba aende akajifunze ushonaji. Fundi, mtu muungwana, akaja shuleni kuomba ruhusa. Boyer alipomsikia akawaka, akamsukuma nje ya chumba. Coleridge akabaki darasani.

Nikamkumbuka yule mwenye daladala aliyekuja ofisini kwako kumwombea mwanafunzi wa kidato cha tatu akawe konda wake, na namna alivyotoka akiwa na kiatu kimoja. Kile cha pili, kama bado unacho kabatini, mrudishie sasa, ni miaka mingi.

Mpwa wako