Elimu ya Vichwa: Mhadhara wa Mwaloni

Wana-Mwanza, anayesimama mbele yenu ni Profesa wa Vichwa, cheo nilichojitunuku baada ya kukosa mpinzani. Miaka yote mnasema "kichwa kinauma" mkaishia hapo, kama mteja anayefika soko la Mwaloni akaomba "samaki" bila kutaja sato, sangara wala dagaa. Aibu hiyo inakoma leo.

Kichwa cha kwanza ni cha mkazo. Hubana pande zote mbili, paji hadi kisogo, na humpenda sana mwenye marejesho ya kikoba. Dawa yake ni usingizi, kunyoosha shingo, na kulipa deni. Hilo la mwisho nimelivumbua mimi.

Cha pili ni kipandauso, maradhi yenye madaha. Aghalabu huchagua upande mmoja, hudunda, huleta kichefuchefu, hakitaki mwanga wala harufu. Mgonjwa wake asipitishwe Kirumba dagaa wanapoanikwa! Mlazeni gizani penye utulivu, ameze dawa mapema. Msimpeleke kwenye spika za harusi eti achangamke.

Cha tatu ni cha kiu. Mvuvi anashinda juani juu ya maji ya Ziwa Victoria, koo kavu. Anywe maji, ila yaliyochemshwa. Waliokesha baa nao wamo darasa hili, wasijifiche nyuma.

Cha nne huja na homa. Huku Kanda ya Ziwa, hicho ni cha kupimwa malaria: tone la damu kidoleni, majibu ndani ya dakika 20 hivi. Dawa mseto haimezwi kwa ubashiri wa shangazi.

Cha tano kinaletwa na tiba yenyewe. Mwenye kumeza Panadol siku 15 au zaidi kila mwezi, miezi ikapita mitatu, huweza kuzalisha maumivu mapya kwa kidonge kilekile. Mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24. Jirani yangu anajitetea kwamba ameshaizoea. Kweli, na kichwa nacho kimeshamzoea.

Lakini kichwa kikilipuka ghafla kuliko vyote ulivyowahi kuugua, shingo ikikakamaa pamoja na homa, mdomo ukienda upande au mkono ukalegea, msinitafute. Pandisheni mgonjwa Hospitali ya Bugando saa hiyohiyo. Mkiulizwa nani kawatuma, tajeni jina langu; wasipolijua, waambieni ni la kitaalamu.